Mitaro ya Gasana

Masaka, Jumatatu 12 Septemba 1994

Tumefika. Nyumba haina milango, haina madirisha, haina hata bawaba. Waliopita hapa kabla yetu walikuwa na bisibisi na muda wa kutosha. Konseye wa sekta, yaani kiongozi wa eneo hili, Bwana Mutsinzi, ametuonyesha mipaka kwa kidole akiwa amesimama barabarani: "Kutoka ule mgomba mpaka bondeni. Limeni, mle, mpaka mwenyewe atakapopatikana." Nikamuuliza mwenyewe ni nani. "Alikuwa anaitwa Gasana. Ameisha, na watoto wake wa kiume wote wameisha." Alisema hivyo huku akipangusa kiatu. Mume wangu Conrad alimshukuru kwa mikono miwili. Mimi sikumshukuru.

Conrad anarudi mjini kesho. Amepata kazi wizarani na chumba Kimisagara, atakuwa anakuja Jumamosi. Watoto wako Karagwe kwa mama yangu mpaka mwaka wa shule uishe. Kwa hiyo shamba ni mimi. Karagwe nilikuwa bibi shamba, nikizunguka kufundisha watu namna ya kutunza ardhi yao, na mimi mwenyewe sikuwa na tuta hata moja. Mkimbizi huazimwa tu. Tumerudi nchini kwetu mauaji yalipokwisha, na nimeazimwa tena.

Alhamisi 15 Septemba

Jua kali. Nimefyeka. Jirani wa upande wa chini hanisalimii.

Jumanne 20 Septemba

Leo nimelijua shamba. Magugu yalipotoka mteremko ukaonekana, nikakaa chini nikautazama mpaka jembe likapata moto mkononi. Kuna mitaro. Mitatu, mmoja juu, mmoja katikati, mmoja chini, imekata mteremko kwa ubavu, haipandi wala haishuki. Juu ya kila mtaro kuna ukingo wa urubingo, majani marefu ambayo sisi wa Karagwe tunayaita mabingobingo. Mvua ikija mbio kutoka juu inakutana na majani, inapunguza mwendo, inaingia mtaroni na kutulia, ardhi inainywa taratibu. Udongo unabaki kwako badala ya kwenda Misri.

Nimefundisha jambo hili miaka mingi na sijapata mwanafunzi aliyechimba namna hii. Wengi huchimba kama wanafukua panya. Gasana alikuwa na jicho. Inaniudhi kwamba siwezi kumwendea na kumwambia.

Kitu kimoja tu hakikunipendeza. Mpakani, upande wa jirani, kuna shimo la kuivishia ndizi za pombe, limefunikwa majani makavu ya migomba. Liko karibu na njia. Nilimwendea jirani mwenyewe, bibi mmoja mjane anaitwa Béatha, nikamweleza kwa Kinyarwanda na kwa heshima zote kwamba mtu atavunjika mguu, na kwamba niko tayari kulifukia kwa mikono yangu. Alinijibu kwa Kiswahili, kile alichookota mjini, Biryogo, alikokuwa akiuza ndizi.

"Hapana. Hii shimo hapana funika."

Basi. Akageuka akaingia ndani. Mimi namsemesha Kinyarwanda, yeye ananirudishia Kiswahili, kama kunikumbusha nilikotoka. Mwanamke mkavu kama kuni. Ana mjukuu anayemchotea maji, msichana mkubwa, naye akinipita haniinulii uso. Nyumba nzima hawajui salamu.

Jumapili 25 Septemba

Nimesafisha jiko la nje. Juu ya moto kuna dari ya fito ya kukaushia vitu, na ndani kabisa ya masizi nimekuta kibuyu kimezibwa mdomo kwa samadi iliyokauka. Nimekipasua. Ni maharagwe ya mbegu, yamechanganywa na majivu, mazima, hakuna hata moja lililotobolewa. Mekundu, ya manjano, meusi, meupe ya duara, yenye madoa kama yai la kware, yote pamoja. Waliobeba milango hawakukumbuka kuangalia juu.

Chuoni tulifundishwa mbegu moja, rangi moja. Nilianza kuyachambua, nikaacha. Mama wa nyumba hii aliyachanganya kwa sababu zake, na kila rangi ina udongo inaoupenda.

Jumatano 28 Septemba

Mvua imenyesha usiku kucha, ya upole. Umuhindo, msimu wetu wa mvua za vuli, umeanza. Nimepanda, mbegu mbili kila shimo, kiganja kati ya shimo na shimo. Mgongo umekatika. Nimefurahi.

Jumanne 4 Oktoba

Shemeji Rutayisire amefika. Ndiye kaka mkubwa wa Conrad, amekulia Uganda, Mbarara, na amekuja kwa miguu na ng'ombe wake wenye pembe ndefu mpaka unaogopa watakwama mlangoni, kama mlango ungekuwepo. Anawaita mmoja mmoja kwa jina na wao wanageuka. Nilimpenda tangu aliposimama uani akacheka. Isitoshe, shamba bila samadi ni sawa na chungu bila moto, na hapa samadi imejileta yenyewe.

Ijumaa 7 Oktoba

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilimpa. Alilitazama kama nimempa nyoka.

Jumapili 9 Oktoba

Ng'ombe wamekula urubingo wa mtaro wa chini. Si kupunguza juu juu, wamekula mpaka shina, kisha wakasimama juu ya ukingo na kuukanyaga ukabomoka. Rutayisire alikuwa amelala kivulini na fimbo juu ya tumbo.

Nilimwambia, shemeji, yale majani hayakupandwa kwa ajili ya kuliwa namna hiyo. Unakata, unabeba, unawapelekea kwenye zizi, unaacha kisiki cha urefu wa goti ili kichipue. Majani ndiyo yanayoshika kilima.

"Shemeji Winifred, wewe soma mingi, sawa. Lakini majani iko chakula ya ng'ombe. Kilima inashikwa na Mungu."

"Na Mungu akikichoka?"

"Nyinyi ba Tanzania munapenda mapambo," akasema, akacheka, na Conrad akacheka naye. Nilimtazama Conrad mpaka akaacha. Tulipokuwa peke yetu nikamwambia azungumze na kaka yake. "Ni mkubwa wangu," akasema. "Tutaongea baadaye."

Jumatatu 10 Oktoba

Nimetengeneza ukingo. Peke yangu.

Jumatano 12 Oktoba

Wameubomoa.

Ijumaa 21 Oktoba

Leo kumekuwa na kelele Masaka nzima imesikia. Ndama wa Rutayisire ametumbukia katika lile shimo la ndizi. Tulimtoa kwa kamba, akiwa amechubuka mguu tu, lakini Rutayisire alimkumbatia kama ametoa mtoto wake. Alichukua koleo akaanza kusukumia udongo humo.

Béatha alitoka ndani, akapita mbele ya koleo, akakaa ukingoni na kuning'iniza miguu yake shimoni.

"Endelea," akamwambia. "Mufukie na mimi."

Rutayisire akaniangalia mimi. Nami nikamwambia yule bibi ukweli wangu, kwamba ana roho mbaya, kwamba anang'ang'ania shimo ambalo hajaivisha ndizi humo tangu tufike, kwamba ujirani mwema si lazima aje kuufundishwa na watu wa Tanzania. Maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Yule msichana alikuwa amesimama mlangoni kwake, uso umekuwa wa majivu. Nilidhani ananiogopa mimi, nikaona vizuri, aogope.

Alhamisi 27 Oktoba

Maharagwe yamefunika ardhi. Kijani mpaka bondeni.

Jumapili 30 Oktoba

Naandika kwa hasira na nisiposomeka shauri yangu.

Jana nilikwenda Biryogo kushonesha magunia. Fundi alikuwa na kazi nyingi, nikalala kwa dada mmoja tuliyesoma naye, nikarudi leo mchana. Nilipofika juu ya njia nikaona shamba limebadilika na sikuelewa ni nini, kama unavyomwona mtu aliyenyoa nyusi. Kisha nikaelewa. Mitaro hakuna. Yote mitatu imefukiwa na kusawazishwa, urubingo umekatwa wote na kulazwa kwenye zizi.

Rutayisire alinijia akitabasamu, jasho linamtoka, mikono imejaa tope. Alikuwa ametafuta vibarua, na yeye mwenyewe, asiyeshika jembe, alishika koleo siku nzima.

"Shemeji, nimekuongezea shamba! Ile mitaro ilikuwa inakula udongo bure. Sasa unapanda mistari ingine pale, na pale, na pale. Na ng'ombe wanashuka kwa maji moja kwa moja."

Ndiyo kilichonimaliza. Alikuwa amenifanyia zawadi. Amekulia kwenye tambarare, ambako mvua ikinyesha hukaa ilipoangukia, na mtaro kwake ni kaburi la udongo mzuri. Watu wa ng'ombe wote wanaokuja na kupewa vilima hivi watafanya hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, na watatabasamu.

Nilimwuliza Conrad alikuwa wapi. Alikuwa hapa hapa. Alikuwa amekaa kwenye kiti akinywa maziwa.

"Wewe ni mume wa bibi shamba," nikamwambia. "Umelala ukisimuliwa mitaro kama hii miaka kumi na minne. Hukuweza kusema neno moja?"

"Alikuwa amefurahi," Conrad akasema. "Sikutaka kumvunja moyo mbele ya vibarua."

Nimechukua jembe nikaanza na mtaro wa juu. Udongo uliolowa ni mzito. Kufika jioni nilikuwa nimezibua urefu wa kitanda.

Jumatano 2 Novemba

Urefu wa vitanda viwili. Malengelenge.

Jumamosi 5 Novemba

Malengelenge yameniweka ndani siku mbili, na asubuhi ya leo sikuamini macho yangu. Mtaro wa juu umezibuliwa wote, mwisho hadi mwisho, na ukingoni vimepandikizwa vipande vya urubingo, vimelazwa upande kama inavyotakiwa, macho mawili ardhini na moja nje. Conrad alipofika nikamrukia shingoni. Nikamwambia, umetuma watu, nilijua una moyo. Alitabasamu. Nimempikia ndizi na nyama na nimemsamehe.

Jumapili 6 Novemba

Maua yameanza, meupe na ya zambarau.

Jumatatu 14 Novemba

Imekuja.

Ilianza mchana, mbingu ikawa nyeusi upande wa mto Nyabarongo, kisha upepo, kisha mvua ambayo huoni mkono wako. Nilisimama kwenye tundu la dirisha. Juu, kwenye mtaro wa kwanza, niliona maji yanasimama, yanazunguka, yanaingia. Nikasema, shika, shika. Ukashika. Lakini mvua iliyonyesha chini ya hapo haikuwa na wa kuishika. Maji yaliifuata njia ya ng'ombe, ile ya moja kwa moja. Yalianza kama mkono, yakawa kama mtu, yakawa rangi ya damu nzito na yakaanza kula kando. Mistari ya maharagwe ilikuwa inasimama, inainama, inaondoka na udongo wake, imesimama wima inakwenda, kama watu waliobebwa na lori.

Nilitoka. Sijui nilifikiri nini. Nilijitupa na magunia niliyoshonesha Biryogo, nikayalaza, nikayakalia. Rutayisire naye alikuja, nisiseme uongo, alikuja akavuta magogo, akaingia majini mpaka kiunoni, akapiga kelele kwa Mungu wake anayeshika vilima. Mungu alikuwa ameshika kile cha jirani.

Ilipokatika, nusu ya chini ya shamba ilikuwa korongo unamoweza kumficha ng'ombe aliyesimama. Miamba imetoka nje kama mbavu. Udongo ule, uliokaa hapo tangu Gasana awe kijana, sasa uko kwenye mafunjo bondeni, na maji yakimwagika hayazoleki.

Rutayisire aliketi kwenye tope. "Shemeji," akasema, "kwetu Mbarara mvua hapana fanya hivi." Ningemjibu ningempiga.

Nusu ya juu imesimama. Imesimama kwa sababu ya mtaro mmoja.

Alhamisi 17 Novemba

Nitaandika yote, nisije nikajidanganya baadaye.

Alfajiri nilisikia jembe. Nikachukua fimbo, nikatoka polepole. Mtu alikuwa ameinama pale mtaro wa katikati ulipokuwa, amekata mafungu ya urubingo kutoka juu, ameyaweka kando. Nikapiga kelele: Mwizi! Mwizi wa majani! Nikamfikia nikamshika mkono. Ni yule msichana wa Béatha. Hakukimbia. Alilikumbatia jembe kifuani na kufumba macho, akisubiri. Fimbo ilikuwa juu tayari.

Béatha alikuja mbio, kanga inaanguka.

"Hapana piga! Hapana piga! Huyu iko mutoto ya Gasana!"

Niliishusha fimbo. Hata sijui ilikwenda wapi.

Anaitwa Joselyne. Konseye alisema watoto wa kiume wote wameisha, na hakuna aliyemwuliza kama kulikuwa na wa kike. Msimu mzima amekuwa akinipita na ndoo ya maji, na mimi nikimwita mjukuu wa jirani asiyejua salamu. Mtaro wa juu ni yeye aliyeuzibua, usiku baada ya usiku, mimi nikilala. Nilimwuliza kwa nini.

"Baba alikuwa anashika kamba ya kupimia," akasema kwa Kinyarwanda, taratibu, "kaka zangu wanachimba, mimi nabeba majani. Nilipoona wanaifukia nilishindwa kula." Kisha akasema, "Maua yalipotoka nikayajua. Ulikipata kibuyu cha mama."

Nikamgeukia Béatha kwa ukali, maana nilihitaji mtu wa kumkasirikia. Mbona hukusema? Miezi yote hii!

"Niseme kwa nani? Kwa ule muzee ya ng'ombe? Kwa wewe, uliniita roho mubaya?" Alijifunga kanga upya. "Mimi nikifungua mudomo, mutaniuliza mimi nilikuwa wapi mwezi wa ine, wakati watu walikuwa wanauawa. Mutaniuliza kwa nini mimi niko hai. Nani atangoja jibu?"

"Mimi nangoja."

Akanyoosha kidole. "Jibu iko pale."

Alikuwa anaonyesha shimo. Msichana alikaa humo, chini ya majani makavu, na Béatha akawa anamwaga ndizi mbivu juu yake kila asubuhi ili mbwa wa wauaji wasinuse ila pombe. Walikuja, wakauliza ndizi zitakuwa tayari lini. Akawaambia bado, na mpaka leo haamini kwamba hawatarudi.

Na mimi nilitaka kulifukia. Na nilimwona msichana mlangoni akiwa rangi ya majivu, nikafurahi.

Ijumaa 18 Novemba

Sikufanya kazi. Nimeuendea ukingo wa shimo, nimekaa, nimerudi.

Jumapili 20 Novemba

Kikao. Conrad, Rutayisire, konseye Mutsinzi, mimi. Nilikuwa nimesema mwenye shamba amepatikana.

Kwanza nilimwuliza Conrad kuhusu ule mtaro wa juu. "Sikusema ni mimi," akajibu. Ni kweli. Alitabasamu tu na akala nyama.

Rutayisire alizungumza kwa upole, hilo ndilo baya zaidi. "Namuhurumia huyu mutoto. Akae, ale, nitamupa maziwa kila siku. Lakini musichana hapana na shamba. Musichana anaolewa, shamba inabaki ya ndugu zake."

"Ndugu zake wako wapi, shemeji?"

Konseye alipangusa kiatu.

"Mila ni mila," akasema hatimaye. "Tungoje serikali itasema nini."

"Ulituambia mpaka mwenyewe atakapopatikana."

"Nilisema mwenyewe, mama. Sikusema binti."

Najua huo wimbo. Baba yangu alipokufa Karagwe aliacha migomba michache, ikaenda kwa kaka yangu aliyekuwa Mwanza na hakuwahi kuja kuiona. Mimi niliyeiwekea matandazo kila kiangazi niliambiwa nina bahati, nimeolewa.

Lakini niandike na hili, maana linanikera kuliko yote. Konseye alipokataa, kuna sehemu yangu ilishusha pumzi. Watoto wanakuja mwezi wa kwanza. Shamba likirudi kwa Joselyne, wanangu watafikia wapi, kwenye chumba cha Kimisagara? Nilimtazama Rutayisire nikaona tunataka kitu kile kile, ila yeye anakisema.

"Tutaongea baadaye," Conrad akasema, na kikao kikaisha.

Jumanne 22 Novemba

Mvua.

Jumatano 23 Novemba

Mvua. Mtaro wa katikati tunauchimba watatu, mimi, Joselyne na Béatha. Joselyne anashika kamba. Ana jicho la baba yake, akiona mtaro umepanda hata kidogo anakohoa, na wewe unarudi kuchimba upya. Amenikoholea leo mpaka nikamwambia akatafute dawa ya kifua. Alicheka, kisha akashtuka kwamba amecheka.

Jumapili 4 Desemba

Mtaro wa katikati umekwisha. Korongo tumeliwekea vizuizi vya mawe na fito, ngazi kwa ngazi. Halitapona mwaka huu wala ujao. Ng'ombe wanapita kando ya barabara sasa. Rutayisire mwenyewe aliwageuza bila kuambiwa, na jioni akaleta samadi akaimwaga kwenye mistari ya urubingo, halafu akaondoka haraka kabla sijamshukuru. Namchukia vibaya zaidi akifanya mambo mazuri.

Jumapili 11 Desemba

Maganda yanageuka manjano. Rutayisire ametangaza umuganura, sherehe ya kuonja mavuno ya kwanza. Siku inayofuata Krismasi mavuno mapya yatapikwa, ataita konseye na majirani. Wazee walikuwa wanafanya kwa mtama, lakini mwaka huu mtama hakuna aliyepanda, kwa hiyo itakuwa maharagwe.

"Hakuna mutu ataweka hata moja kwa mudomo kabla," akatuambia, ameketi vizuri. "Mukubwa anaonja kwanza. Anayeonja kwanza ndiye baba ya shamba. Hii mimi sijatunga, konseye anajua, kila mutu anajua. Tukishafanya hivyo, maneno inaisha."

Kwa hiyo ndio mpango. Si chakula, ni muhuri. Conrad alitikisa kichwa kukubali. Mimi nilisema sawa shemeji, nitapika.

Jumatatu 19 Desemba

Tumevuna nusu ya juu. Tumepiga kwa fimbo, tumepepeta. Joselyne alichovya mkono kwenye ungo akawa anazitaja rangi kwa majina aliyoyatumia mama yake. Sikujua kwamba maharagwe yana majina. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira, nisijue ninamkasirikia nani.

Jumapili 25 Desemba

Misa. Mvua kidogo. Sijalala vizuri.

Jumatatu 26 Desemba

Nimepika kwenye chungu tangu alfajiri, pole pole, bila mafuta. Mikono ilikuwa inafanya kazi na kichwa kinapigana. Niliwaona watoto wangu wakishuka kwenye gari na mabegi, wakiuliza, mama, nyumba ni ipi? Nikaongeza kuni.

Watu walikuja wengi kuliko nilivyofikiri. Konseye alipewa kiti. Rutayisire alikaa katikati kwenye kigoda, amevaa koti, fimbo kati ya magoti. Conrad kando yake. Béatha na Joselyne walikaa nyuma kabisa, karibu na ukuta, kama watu waliokuja kuazima chumvi.

Rutayisire alisema maneno mazuri, juu ya kurudi nyumbani, juu ya ardhi ya mababu. Kisha akasema, "Shemeji, leta." Akanyoosha mikono yote miwili.

Nilichota kwenye sahani, rangi zote. Nikatembea. Nikafika mbele yake, nikaona vidole vyake vimefunguka, na ni vidole vya mtu aliyeingia majini mpaka kiunoni siku ile, sikusahau. Nikampita.

Nikapita konseye. Nikapita mume wangu. Nikafika ukutani, nikapiga magoti kama ninavyompigia mkwe, nikanyoosha sahani.

"Ganura, onja kwanza, mwana wa Gasana."

Mbwa wa mtu alipiga miayo. Nyuma yangu nikasikia kigoda kinasukumwa.

"Winifred!" Ni Rutayisire, na leo hakuniita hata shemeji. "Unafanya nini?"

Sikugeuka. "Umetufundisha mwenyewe, shemeji. Anayeonja kwanza ndiye mwenye shamba, na kila mtu anajua. Mitaro ni ya baba yake, mbegu ni za mama yake, na nusu iliyobaki imeokolewa na jembe lake. Kama kuna mwenye haki zaidi, aje aichukue sahani mikononi mwangu."

Nilisubiri Conrad aseme tutaongea baadaye. Akainamisha kichwa. Magoti yalikuwa yananiuma. Béatha alimsukuma msichana begani, kidogo tu.

Joselyne alichukua kwa vidole. Alitafuna polepole, macho chini, na uwanja mzima ulikuwa unatafuna naye. Alimeza. Akaniangalia, mara ya kwanza moja kwa moja usoni, na akakunja pua.

"Chumvi imepungua," akasema.

Béatha akacheka kwa sauti. Kumbe yule mwanamke ana kicheko cha kuangusha nyumba! Mimi nilipandwa na hasira papo hapo. Tangu alfajiri nimesimama juu ya moto, nimetoa nyumba ya wanangu kwa mikono yangu mwenyewe, halafu chumvi imepungua!

Konseye Mutsinzi alikohoa. Alimtazama Rutayisire aliyekuwa bado amesimama, akawatazama watu, akatazama kiatu chake na leo hakukipangusa.

"Mama Winifred," akasema, "si umemsikia mwenye shamba?"

Nikainuka, nikaenda kuleta chumvi.